Tungo Ishirini na Mbili za Babu Eudaldo

Umeme ukiwapo, nyumbani kwa akina Maydelis hapakuwa na nafasi ya uvivu. Mtaani kwao, katika mji mdogo wa Jobabo, zamu ya umeme ilianza saa moja asubuhi na kwisha saa kumi jioni. Katika saa hizo baba yake alipandisha maji kwenye tangi, akainjika maharage meusi kwenye jiko la umeme na kuchaji simu zote. Jumapili ile Maydelis, msichana wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa na kazi yake. Aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya kaka yake, akaanza kuchapa tungo za babu yake kwa vidole viwili.

Babu Eudaldo alikuwa malenga wa kuimba papo kwa papo. Mpe neno moja tu, naye angekurudishia mistari kumi yenye vina kabla mpiga gitaa hajapumua. Miaka hamsini aliimba kwenye sherehe za mkoa mzima na hakuandika hata mstari mmoja. Sasa alikuwa na uvimbe kooni. Daktari wa mjini Las Tunas alimwambia wazi kwamba angepasuliwa Jumanne, na huenda sauti isirudi.

Mikono ya Babu ilitetemeka na haikuweza kushika kalamu. Basi kwa wiki mbili alimtajia mjukuu wake tungo alizozipenda kuliko zote, naye Maydelis akaziandika kwa penseli nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, mbili kila karatasi. Zilitimia ishirini na mbili. Ijumaa, Babu alipokuwa akiondoka na mama yake Maydelis kwenda hospitali, alimshika bega.

"Ziingize kwenye mashine, bibie. Zisibaki kwenye karatasi tu, karatasi huliwa na panya."

Saa nane mchana Maydelis alimaliza. Aliupandisha na kuushusha ukurasa, akaziona zote zimejipanga. Papo hapo sauti ikasikika barabarani.

"Karanga! Karanga za moto!"

Alikuwa Mzee Nivardo na kopo lake. Karatasi zilikuwa adimu mjini, kwa hiyo mzee huyo alimpa karanga mtoto yeyote aliyemletea karatasi zilizotumika, akazichana vipande na kuvisokota viwe vifuko vyembamba.

"Una karatasi, binti?"

Maydelis aliziangalia zake. Zilikuwa na mwandiko wa penseli uliofutwafutwa na doa la kahawa. Zina kazi gani tena, alijiuliza, nami nimeshazichapa?

"Ninazo kumi na moja."

"Wee! Leo umeniokoa!" Mzee Nivardo akazichana katikati moja baada ya nyingine, akampa vifuko vinne vilivyojaa kutoka kwenye kopo lake.

Maydelis alirudi kwenye kompyuta huku akitafuna, akaanza kutafuta herufi za kupamba jina la Babu. Ghafla feni ikasimama na kioo kikawa cheusi.

"Hata saa kumi haijafika!" baba yake alifoka kutoka jikoni.

Umeme ulirudi baada ya robo saa. Maydelis aliwasha kompyuta, akafungua programu ya kuchapia, akakuta ukurasa mweupe. Alifungua kila faili aliloliona. Alikuta nyimbo za kaka yake, picha za kaka yake na michezo ya kaka yake. Tungo hazikuwapo. Shuleni, Mwalimu Iraida ndiye aliyehifadhi kazi za wanafunzi kipindi kikiisha, na Maydelis siku zote alidhani kinachoonekana kwenye kioo kimeshaingia.

Jioni simu ililia. Sauti ya Babu ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa na furaha.

"Haya, bibie, niambie. Zimeingia?"

"Zimeingia zote, Babu."

"Ndiyo maana nakupenda. Sasa nitalala."

Yeye Maydelis hakulala vizuri.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Mwalimu Iraida mlangoni mwa chumba cha kompyuta, akamweleza yaliyotokea huku machozi yakimlengalenga.

"Ulihifadhi?" mwalimu aliuliza.

"Zilikuwa kwenye kioo, Mwalimu. Niliziona kwa macho yangu."

"Kuona si kuhifadhi. Hebu njoo hapa."

Mezani palikuwa na kompyuta mbovu iliyofunguliwa. Mwalimu aligusa kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu.

"Hii ni kumbukumbu ya muda. Ukichapa, herufi zako zinakaa hapa kwanza. Ina kasi sana, ndiyo maana mashine inafanyia kazi humu. Lakini inaishi kwa umeme. Umeme ukikatika tu, inabaki tupu."

"Vyote vinaondoka?"

"Vyote. Ni kama ubao ninaoufuta kila kipindi. Usiponakili daftarini, shauri yako." Akagusa kisanduku cha chuma. "Daftari ndilo hili, diski. Ukibonyeza pale pa kuhifadhi, mashine inanakili kutoka ubaoni kwenda daftarini. Hata umeme ukikatika mwezi mzima, maneno yako yapo."

"Na hiki kidogo cheusi?"

"Humo ndimo walimoandika, kule kiwandani, maagizo ya kuiamsha mashine. Inayasoma tu kila ikiwashwa. Tungo za babu yako haziwezi kukaa humo." Kisha akavua flashi iliyoning'inia shingoni mwake. "Hii nayo ni daftari la mfukoni. Kazi ya maana huwekwa kwenye diski na kwenye flashi, siyo sehemu moja."

Mchana alifuatana na Maydelis mpaka nyumbani, akaikagua kompyuta. Kaka yake Maydelis alikuwa ameizuia programu isihifadhi yenyewe, ati inachelewesha michezo. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Humu hamna kitu. Karatasi ziko wapi?"

Swali hilo Maydelis aliliogopa kuliko yote. Alijibu akitazama vidole vya miguu yake.

Walimkuta Mzee Nivardo nje ya duka la mkate. Alisikiliza, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Tungo za Eudaldo! Mimi nikadhani ni makaratasi ya shule!" Akavimimina vifuko vyote, na tisa vilikuwa na mwandiko wa Maydelis. Vingine aliviuza jana kwenye mechi ya besiboli. Wakaenda uwanjani, wakapekua chini ya viti na ndani ya mapipa ya taka. Walipata sita, vimelowa mafuta, kimoja kina alama ya kiatu. Zikawa tungo kumi na tano. Saba hazikuonekana.

"Anayezijua hizo saba ni mtu mmoja tu," mwalimu alisema, "na kesho saa mbili anaingia chumba cha upasuaji."

"Siwezi, Mwalimu. Nimeshamwambia zimo."

"Basi zimepotea."

Maydelis alilia. Mwalimu hakumbembeleza. Alimsubiri tu, simu mkononi. Mwishowe Maydelis akaipokea, wakarudi nyumbani, akapiga na kumweleza Babu kila kitu bila kuficha.

"Umezitoa kwa karanga," Babu alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Angalau zilikuwa za moto?"

"Ndiyo, Babu."

"Usicheke. Sijakusamehe bado. Nisomee ulizonazo, nijue zipi hazipo."

Umeme ulibakiza saa moja na nusu. Babu alitaja, Maydelis akachapa, na kila utungo ulipokwisha alihifadhi kwenye diski, kisha kwenye flashi ya mwalimu. Sauti ya Babu ilizidi kukauka.

"Baba, daktari amesema upumzike," mama yake Maydelis alisikika akisema.

"Nitapumzika kesho."

Zikapatikana tano. Wa sita aliuanza, akakwama mstari wa nne. Wa saba haukuja kabisa.

"Huo niliuimba siku tuliyomzika bibi yako," alisema. "Juzi nilikuwa nao. Hata jana nadhani ningeupata." Alikohoa kwa muda mrefu. "Sikiliza, Maydelis. Hukujua mashine inatunza vipi. Hilo ni kosa la mtu anayejifunza, nalo sina neno nalo. Lakini jana nilikuuliza, ukanidanganya. Umeme ulichukua tungo kwa dakika moja. Wewe umenichukulia siku nzima, na mimi siku nilikuwa nazo chache."

Maydelis aliibana simu sikioni.

"Sasa nakuuliza tena. Zimeingia?"

Safari hii hakujibu harakaharaka. Alifunga programu, akafungua diski, akahesabu. Akafungua flashi, akahesabu tena.

"Nimeziona, Babu. Ziko ishirini. Mbili hazipo."

"Haya," Babu alisema. "Hivyo ndivyo nilivyotaka kuambiwa jana."

Upasuaji ulikwenda salama, na baada ya wiki Babu alirudi nyumbani. Lakini sauti ile Maydelis hakuisikia tena.