Kona Ambayo Mfagio Haukupita

Jumamosi ya mwisho wa Agosti soko la Jean-Talon, Montréal, lilifurika kana kwamba mahindi mabichi yangeisha duniani jioni ileile. Maude Gadbois alisukuma baiskeli yake kati ya meza za nyanya, akiomba radhi kila hatua, mara nyingine akiyaomba radhi hata masanduku. Alivaa gauni la kitani la rangi ya haradali na raba nyeupe, na nywele zake nyekundu alizibana juu kwa penseli. Kazi yake ilikuwa kushona upya nguo kuukuu za jumba la makumbusho, na ukimya wa chumba chake cha kazi ulikuwa umemwingia mwilini. Alizungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Usukani wa baiskeli ukanasa mfuko wa mtu. Mfuko ukachanika, mahindi yakatawanyika miguuni mwa umati.

"Dada," sauti ya kiume ikasema kutoka chini ya meza, "haya mahindi yamekukosea nini?"

"Samahani. Samahani sana. Nitakununulia mengine."

"Usininunulie. Nisaidie kuyakamata. Lile moja pale linaelekea Toronto."

Walipoinuka walikuwa wamekumbatia mahindi kama watu waliookoa watoto kwenye moto. Kijana alikuwa mrefu, shati la mirabaraba limekunjwa mikono, ndevu hazijaamua kama zitaota au la. Mikono yake ilikuwa imeungua jua hadi kwenye vifundo vya mikono, na kuanzia hapo viganja vilikuwa vyeupe kabisa, kama ameazima vya mtu mwingine. Maude aliviangalia, na kabla aibu haijamziba mdomo akasema, "Unaendesha umevaa glovu."

Kijana akacheka. Akamwelekeza kwa hindi kwenye shavu la mguu wake, palipokuwa na doa la grisi lenye meno ya mnyororo. "Na wewe umejichora tatuu leo asubuhi. Loïc Desrosiers, fundi wa lifti. Siku sita napandishwa na mashine, ya saba najipandisha mwenyewe. Kesho tunakwenda vilima vya Dunham na klabu ya baiskeli. Njoo."

"Mimi huendesha peke yangu."

"Njoo uendeshe peke yako karibu na sisi."

Alikwenda. Hakuwahi kueleza vizuri kwa nini, hata kwa mama yake.

Klabu ilijiita Taratibu Kwanza, na kiongozi wake alikuwa Réjean Ouellet, mwalimu mstaafu mwenye mapaja kama magogo, ambaye hakutaka kuona simu kwenye usukani wa mtu. "Ukitazama kioo utauona mlima saa ngapi?" alikuwa akiuliza. Kwa hiyo njia ilikuwa kichwani mwake tu, na utaratibu wao ulikuwa wa kizamani. Kila barabara ilipogawanyika, Réjean aliomba mtu mmoja ashuke, asimame kwenye kona na kuwaonyesha wanaofuata wapite wapi. Nyuma kabisa ya msafara alikuja mtu wa mwisho, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Huyo walimwita mfagio. Aliyewekwa kwenye kona hakuondoka mpaka mfagio umpitie, ndipo akaungana naye. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Maude alikuwa amezaliwa Montréal na alidhani anaijua nchi yake. Jumapili ile aligundua kwamba hakuwahi kuipanda. Nje ya Dunham barabara ilikuwa nyembamba, haina gari, imelala juu ya vilima kama utepe uliodondoka. Walipanda kati ya mashamba ya matufaha hadi pumzi ikawa moto kooni. Kisha kilima kikaisha ghafla na bonde lote likafunguka mbele, na chini kabisa kanisa la mawe na nyumba chache za matofali mekundu, zimetulia pale tangu enzi za mababu wa mababu. Kengele ilipigwa. Sauti yake ilichukua muda kuwafikia. Maude alisimamisha baiskeli na kuvua kofia ngumu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu wakubwa.

Loïc alimfikia, akasimama kando yake. Yeye ambaye hakunyamaza hata akiwa anapanda, alinyamaza. Hapo ndipo Maude alipoanza kumpenda, ingawa alilificha jambo hilo hata kwa nafsi yake kwa wiki mbili nzima.

Septemba ikapita hivyo. Jumapili walikuwa vilimani, siku nyingine walikuwa kwenye simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini. Nashona mkono wa koti la askari aliyekufa zamani."

"Nisalimie huyo askari. Mimi niko juu ya lifti, ghorofa ya kumi na tisa, nimekwama na mbwa wa mama mmoja."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshuka kwa ngazi, ameniachia mbwa. Maude, mnafanana macho."

"Nakata simu."

Hakukata.

Jumapili moja ya Oktoba, miti ya mepo, ile inayokamuliwa sukari, ikiwa imewaka nyekundu kwenye kila mlima, msafara ulielekea kijiji cha Frelighsburg. Zamu ya kuwa mfagio ilikuwa ya Loïc. Alimfungia Maude kamba ya kofia chini ya kidevu, akamnong'oneza, "Leo mimi wa mwisho. Ukisimama kwenye kona yoyote, nitakupitia."

Maneno hayo yalimpa Maude wazo. Kwenye njia panda ya mwisho, mahali pa juu kabisa pa barabara, miguuni mwa mlima Pinacle, Réjean alipouliza nani atasimama, Maude aliinua mkono kabla ya wote. Alijua kwamba aliyesimama hapo angeteremka na mfagio, wawili tu, hadi kijijini. Alikuwa na neno la kumwambia Loïc, na alihitaji mteremko mrefu wa kulisemea.

Asichojua ni kwamba nyuma kule Loïc naye alikuwa na neno lake. Alishindwa kuvumilia kujikokota mkiani wakati Maude, kwa mawazo yake, alikuwa mbele na Réjean. Akavua kizibao, akampa Bertrand, daktari wa meno kutoka Longueuil. Yeye akashika njia ya mkato ya chini, kando ya mto, ili awatangulie wote kijijini. Bertrand goti likamuuma. Akaona vilima vimetosha, akashika barabara kuu moja kwa moja bila kuzipitia kona. Kizibao cha chungwa kikaingia Frelighsburg, watu wakakipigia makofi. Mfagio umefika, basi wote wamefika. Wakagawana vikeki vya sukari ya mti.

Wenzake walimpita Maude kwenye kona mmoja mmoja, akiwaonyesha kushoto. Kisha hakupita mtu.

Mvua nyembamba ilianza. Simu haikuwa na mtandao. Maude alivuta mikono ya jezi yake ya kijani hadi kwenye vidole na kusimama karibu na ukuta wa mawe uliojaa kuvu. Angeweza kuteremka mwenyewe. Kila mara alipofikiria hivyo alijiambia: amesema atanipitia.

Ndipo aliposikia kelele. Mwanzoni alidhani ni watu wengi wanabishana nyuma ya mlima. Ikakaribia, ikawa kubwa kuliko mlima wenyewe, na ghafla mabata bukini weupe wakatokea juu ya Pinacle. Hawakuwa kundi, walikuwa anga. Walikuja mistari juu ya mistari, wakielekea kusini, mabawa yakishika mwanga mdogo uliobaki hadi mvua yenyewe ikaonekana kung'aa. Walipita chini kiasi kwamba alisikia manyoya yakikata upepo. Maude alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Mdomo ulikuwa wazi, mvua inaingia. Alijiona mdogo kama sindano, na hakutaka kuwa mkubwa zaidi. Akageuza shingo kumwambia Loïc atazame. Barabara ilikuwa tupu.

Mabata waliisha. Kimya kilichofuata kilimuumiza kuliko baridi.

Giza lilikuwa linaingia Réjean alipokuja na gari lake, uso umemshuka. Alikuwa ameona mkoba wa Maude kwenye kiti cha nyuma, akajua hajaondoka.

"Binti yangu. Mfagio ulishafika zamani. Tulidhani umetangulia nyumbani."

"Loïc yuko wapi?"

"Alikutafuta kwa macho, akanuna, akaondoka. Alisema umemkimbia."

Maude alipakia baiskeli nyuma ya gari, akatazama dirishani hadi Montréal.

Loïc alipopata habari alipiga simu. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga akiwa ndani ya shimo la lifti. Maude aliitazama simu ikitetemeka mezani kati ya nyuzi. Hakuwa na hasira sana. Alichokuwa nacho ni aibu, kwamba mtu mzima alisimama mvuani kwa sababu ya neno moja. Aliona akipokea, Loïc atamwambia kwamba lilikuwa neno tu, na hapo hatakuwa na pa kujificha.

Novemba ilipoanza alipokea.

"Haloo."

"Umepokea."

"Nimepokea."

"Nilijiandaa kuzungumza na mashine ya ujumbe. Sasa nimesahau yote."

"Basi sema usiyojiandaa."

Loïc akashusha pumzi. "Kwa nini ulisimama muda wote ule?"

"Ulisema utanipitia."

Nyaya za lifti zililia mbali nyuma yake. Kisha Loïc akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, "Sikuwa na haki ya kuvua kile kizibao. Nilikuvulia wewe. Nilitaka nikukute mbele, nikae na wewe. Na nilipokukosa nilinuna badala ya kupanda tena kukutafuta. Hilo la pili ndilo linanikosesha usingizi."

"Mimi nilichukua kona ile ili nibaki nyuma na wewe."

"Unasema kweli?"

"Sijui kusema uongo. Nikisema, nakohoa."

"Maude, sisi ni wajinga wawili."

"Mmoja wao alilowa."

Loïc alicheka, kicheko kikakatika njiani. Maude akamsimulia kuhusu mabata. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza na mtu kwenye simu, na mwishoni akasema polepole, "Baridi nilikusamehe siku ileile. Kilichoniuma ni kwamba niliyaona yale peke yangu. Nilikugeukia, Loïc. Hukuwepo."

"Nifanye nini?"

"Jumapili. Kabla theluji haijafunga barabara. Bila klabu."

Walipanda kutokea Dunham wakiwa wawili. Majani yalikuwa yameshaanguka, na vilima vilionyesha mifupa yake: kuta za mawe, mashamba yaliyolala, moshi mmoja ukisimama wima juu ya kila kijiji. Loïc alivaa koti la bluu lenye kiraka kiwikoni, na hakutania hata mara moja. Alikaa tairi moja nyuma yake, akipanda kwa mwendo wake. Kileleni Maude alisimama. Kusini milima ilikuwa imepangana mmoja nyuma ya mwingine hadi Marekani, kila mmoja mwepesi kuliko wa mbele yake, hata ule wa mwisho haukujulikana kama ni mlima au ni mbingu. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Hata hivyo machozi yalimtoka Loïc, naye hakuyafuta.

Maude alikuwa akihema. Alishukuru kuhema, kwa sababu mtu anayehema hawezi kuonekana ana haya.

"Ukumbini kwangu," alisema, "kuna ndoano ya kutundikia baiskeli. Jumanne nilifunga ya pili."

Loïc alimgeukia taratibu. "Ni ya baiskeli tu, au na mwenyewe?"

"Mwenyewe hatundikwi. Ataoga kwanza, kisha atapewa supu."

"Na akitaka kukaa baada ya supu?"

Upepo ulipita juu ya nyasi kavu. Maude akavua glovu, akaushika mkono wa Loïc.

"Ndiyo maana nimeifunga kwa skrubu," akasema.