Vidole vya Fadhiya

"Dada, vidole vyako mashine haivitaki."

Kadenge, karani wa alama za vidole, alisema hivyo kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, na foleni asubuhi ile ilifika mlangoni. Fadhiya akabonyeza kidole gumba tena kwenye kioo. Taa nyekundu. Akakifuta kwa pindo la mtandio, akabonyeza. Nyekundu vilevile.

"Ni hii hina," akasema Kadenge. "Imekolea hadi nchani. Rudi ikitoka."

"Itoke lini? Leseni yangu yafa tarehe thelathini na moja Desemba hii!"

"Basi kasugue, dada yangu. Mimi nifanyeje?"

Fadhiya alikuwa wakala wa mikopo ya nyumba, na kazi yake aliijua barabara. Mtu akitaka kujenga na benki zikamzungusha, yeye ndiye humtafutia mkopo unaomfaa na kumwandalia makaratasi. Lakini leseni yake ni ya mwaka mmoja. Ili ihuishwe lazima asome masomo ya kujinoa, kisha apate cheti cha tabia njema, na cheti chenyewe hakitoki bila vidole kumi. Siku ikipita, aanza upya na mtihani, miezi mizima bila kumgusa mteja. Na Januari Bi Mwanarusi, mjane mshonaji, alikuwa atie sahihi ya nyumba aliyoiota miaka kumi. Bila Fadhiya, hakuna sahihi.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Sabir, muuza leso wa Biashara Street, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kama ya Idi, hali siku ilikuwa Jumanne. Alikuja kuomba leseni iyo hiyo kwa mara ya kwanza. Akamtazama huyu dada: buibui lililomkaa vizuri, mtandio wa zambarau, macho makali, mashallah! Kisha akaiona mikono, maua ya hina kutoka kucha hadi kiwikoni, na moyo ukamshuka. Huyu ni mke wa mtu, tena biharusi wa juzi. Huku kwetu Mji wa Kale msichana hapakwi hina ya namna ile kabla ya kuolewa, na mtu akiiona haulizi.

Laiti angeuliza! Fadhiya hakuwa na mume wala mchumba. Nduguye Swafia alikuwa akijifunza upambaji, na fundi wake alitaka kuiona kazi kabla ya kumwachia maharusi wa watu. Mikono iliyopatikana ni ya dadake. Mama yao alipiga kelele nyumba nzima pale Ndia Kuu: "Mwari na mikono ya biharusi! Watu watasemaje?"

"Samahani, dada," Sabir akasema kwa adabu. "Jaribu limau na chumvi. Rangi ya leso ikitushika mikononi, ndiyo dawa yetu."

"Wewe wajua nini mambo ya hina?"

"Hina sijui. Rangi naijua."

Fadhiya akacheka, ingawa alikuwa karibu kulia. "Na hiyo kanzu ni ya nini?"

"Wajue mimi ni mtu wa heshima."

"Hawaangalii kanzu, Bwana Kanzu, waangalia mtihani. Umeusomea?" Sabir akakuna kichwa. "Basi chukua nambari yangu. Umenipa limau, nitakupa maswali."

Wakawa wakipigiana simu kila siku baada ya Adhuhuri, duka likitulia.

"Haya, mwanafunzi. Mteja ataka uongeze kipato chake kwenye fomu, apate mkopo mkubwa. Utafanya nini?"

"Namfukuza!"

"Ukimfukuza ataenda kwa asiye na leseni. Mkalishe. Mwonyeshe anachoweza kulipa bila watoto kulala njaa. Sisi twampa mtu nyumba, hatumpi mzigo."

"Wallahi, mwalimu, una akili wewe."

"Sasa ndiyo wajua? Ukipita utanipa nini?"

"Leso nzuri kushinda zote dukani."

"Moja tu? Lo, bahili!"

Fadhiya akacheka, na kicheko kile kikamwingia Sabir moyoni. Alikata simu, akakaa juu ya robota la vitambaa, akaogopa. Alikuwa amempenda, na huyo mumewe hakumkosea lolote. Wiki ile akafanya mtihani, akapita, asimwambie. Fadhiya akapiga mara moja, mara tatu, mara saba. Simu yaita tu.

Jina la Sabir alilisoma mwenyewe kwenye orodha ya waliopita.

"Kumbe nilikuwa mwalimu wa bure," alimwambia Swafia, huku akisugua vidole kwa limau hadi vikawasha, machozi yakimtoka. "Na mimi mjinga nikampenda."

Tarehe ishirini na saba alirudi kwa Kadenge. Kidole cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Hadi cha kumi. "Hongera, dada! Ulivisugua kwa msasa?" Siku ya mwisho ya mwaka, saa nane mchana, leseni ikaingia kwenye simu. Fadhiya hakwenda nyumbani. Alishika njia ya Biashara Street.

Bi Mwanarusi alikuwa pale dukani akichagua vitambaa. Fadhiya akamsalimu, akamwonyesha leseni, na yule mama akashusha pumzi na kumshukuru Mungu. Kisha Fadhiya akamgeukia mwenye duka.

"Nimefuata leso yangu."

Sabir akaangusha futi ya kupimia. "Dada Fadhiya... mumeo ajua uko hapa?"

"Mume gani?"

"Aliyekuoa. Ile hina."

"Ile hina ya Swafia! Mdogo wangu ajifunza kupamba! Sina mume mimi, sina hata mposaji! Siku zote hizi wanikimbia kwa hina?"

"Nilikuwa namheshimu mumeo."

"Mume asiyekuwapo!"

"Nilimheshimu sana," Sabir akasema, macho chini. "Na nilimwonea wivu."

Hasira zikamwisha Fadhiya palepale. Mwanamume huyu alikuwa amejinyima kwa ajili ya mtu asiyemjua, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Wangapi wangefanya hivyo?

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilihofu utasema ndiyo."

"Ala!" Bi Mwanarusi akadakia. "Mimi naogopea leseni yake, nyinyi mwaogopana wenyewe!"

Sabir akashusha leso kutoka rafu ya juu kabisa, nyekundu na nyeupe, akamwekea mikononi. "Kesho baada ya Alasiri, mama na shangazi yangu wakija kwenu kuposa, watafunguliwa mlango?"

Fadhiya akaitazama mikono yake iliyoshika leso, isiyo na ua hata moja la hina.

"Watafunguliwa. Lakini harusi iwe mbali na Desemba, Sabir, niwe nishatoa vidole vya leseni. Maana hina ya safari hiyo siisugui. Hiyo itatoka yenyewe."