Jina la Tisa

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne zote. Nilifagia maktaba, nikapanguza viti, nikamgombeza Griffins kwa kuweka kikombe cha chai juu ya kitabu cha watu. Griffins ndiye mkubwa wa maktaba yetu ndogo hapa Kisumu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mikono yangu inajua kushona vitabu kuliko digrii yake, na yeye anajua hivyo.

Mwaka huo paa lilikuwa limevuja, rafu mbili za vitabu zikafura kama mandazi. Ikaletwa mashine ya kupiga kurasa picha. Griffins akatoa sheria: kilichopigwa chapa kibaki, kilichoandikwa kwa mkono, na karatasi za nyuma zisizo na maana, viende.

"Wewe ndiye unajua vitabu, Mama Awuor," akasema. "Amua."

Nikapewa wembe. Mpe mtu wembe na ruhusa siku moja, utaona anavyojifanya mungu mdogo.

Kulikuwa na kitabu cha ramani za ziwa. Miaka arobaini nyuma katekista mmoja wa Usenge, kijiji cha ufukweni, alikiazima, na akiwa nacho, boti ikazama na watu tisa wa ukoo mmoja. Miili haikuonekana. Katekista aliandika majina yao kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho, maana hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa nayo mkononi. Kitabu kikarudi na majina yake.

Lorine, wa huko huko Usenge, alikuwa mtoto wa kubebwa baba yake alipozama na hao. Sasa ni mama mzima, huleta omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Kibuye, na kila mwezi akimaliza kuuza alikuwa akipita kwangu maktaba. Hajui kusoma.

"Mama, nisomee watu wangu."

Nilisoma mbiombio, maana nguo zake zilinuka samaki. Majina manane yalionekana vizuri. La tisa lilikuwa chini kabisa, penseli imefifia, lilitaka miwani na subira. Sikuwa na subira. Nilisoma manane, nikafunga kitabu.

"Wameisha?"

"Wameisha."

Miaka sita nilimwambia wameisha.

Jumanne hiyo nikakata huo ukurasa. Nilijua ni wa nani. Nilijiambia, huyu ameshayakariri, anataka nini tena? Jioni nikawashia jiko. Karatasi iliungua polepole, ikichemka pembeni kama kuni mbichi. Ugali wangu ulinuka matope ya ziwa. Nikala tu.

Alhamisi asubuhi na mapema Lorine akaingia bila beseni, macho mekundu. Binti yake, Sheryl, ana mtoto wa siku kumi na moja, wa kiume. Analia tangu Jumanne jioni. Hanyonyi. Hospitali wameangalia, hawaoni ugonjwa. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka jina lake. Anatajiwa wafu mmoja mmoja, na akisikia aliyemtaka ananyamaza.

"Tumewataja wote," Lorine akanong'ona. "Bado analia. Sauti imeanza kuisha."

"Basi anayemtaka hayumo kati ya hao."

"Shangazi yangu akili imemtoka, majina amesahau, lakini bado anahesabu hao wa boti kwa vidole. Kila mara anafika tisa." Akanishika mkono. "Mama, wewe ulinisomea wanane."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Kitabu kiko kwa mashine. Kuja kesho."

"Kesho hatafika," akasema, akaondoka.

Saa saba Griffins alienda kula. Nilibaki peke yangu, jua kali madirishani. Mashine ilikuwa imezimwa.

Nikasikia ukurasa ukigeuzwa.

Halafu mwingine.

Halafu kikohozi. Kizito. Cha mtu aliyemeza maji mengi. Kilitoka nyuma ya rafu ya ramani. Sakafu niliyoipiga deki asubuhi ikawa na maji, yanakuja taratibu upande wangu. Sauti ikaanza kusoma majina. La kwanza. La pili. Ilisoma mbiombio, vile nilivyozoea kusoma mimi. Ikafika la nane.

Ikanyamaza.

Ilikuwa inaningoja.

"Sijui," nikanong'ona. "Sikuwahi kukusoma."

Maji yakagusa kiatu changu.

Sikufunga hata mlango. Nilifika Usenge jua linaelekea kushuka, nimejiandaa kusema yote: uvivu, wembe, jiko. Nikakaribia boma la Lorine. Hakukuwa na kilio. Nikajua nimeua mtoto wa watu.

Sheryl alikuwa ameketi mlangoni. Mtoto ananyonya.

Lorine akanikumbatia hadi mbavu zikauma. "Asante kwa kumtuma yule mzee!"

"Mzee gani?"

"Si yule alikuja saa nane! Amelowa chepechepe na mvua hakuna. Hakutaka kiti. Aliinama kwa sikio la mtoto, akasema, 'Opondo.' Mtoto akanyamaza papo hapo."

"Alisema nini kingine?"

"Eti amechoka kungoja umalizie." Akacheka. "Nikamwambia, Mzee, huyo mama ana mdomo mkali, lakini roho yake ni safi."

Ningesema hapo. Kinywa kilikuwa wazi. Badala yake nilikunywa chai yake, nikala samaki aliyenikaangia, nikakubali kushukuriwa kama mtu mwema. Samaki huyo hajashuka hadi leo.

Ijumaa nikafungua kitabu cha ramani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mahali pake. Hakuna gundi. Hakuna uzi, ninaujua uzi wangu. Juu umeungua, majina manane yamekuwa majivu na matundu. Chini kabisa, penseli nyeusi kama iliyoandikwa asubuhi hiyo: Opondo.

"Hii tunaweka ama tunatoa?" Griffins akauliza nyuma yangu.

Nikamrudishia wembe wake. "Mimi siamui tena."

Hayo ni ya mwaka juzi. Kila asubuhi ninauanika ukurasa huo dirishani, na jua la Kisumu mnalijua. Ikifika saa saba umelowa tena, maji yanadondoka sakafuni. Nikiyapanguza, kitambaa kinabaki na magamba ya omena, madogo, mabichi, kana kwamba samaki ametolewa ziwani sasa hivi.