Ua la Unga Mlangoni kwa Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, ghorofa nzima ilijua kwamba Chapuchapu ameamka. Ndoo iligonga ukuta, ufagio ukakwaruza sakafu, na maji ya sabuni yakateremka ngazi kabla hata redio haijamaliza taarifa ya habari. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu mtoto huyu wa darasa la tano hakuwa na breki. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na kusikiliza pia alisikiliza chapuchapu, yaani hakusikiliza kabisa.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yao ya kuosha korido. Taa ya korido ilikuwa imeungua, kwa hiyo kulikuwa na kigizagiza. Mbele ya mlango wa jirani, Chapuchapu akaona unga umetapakaa sakafuni, mwekundu, wa njano na mweupe.

“Nani tena kamwaga chaki hapa?” alinung'unika. “Watu wengine bwana! Wakichafua wao, tuoshe sisi.”

Akamwaga maji, akasugua. Kufumba na kufumbua, sakafu ikang'aa.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka mvulana wa rika lake, aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani mikubwa iliyomteleza puani kila alipocheka. Siku hiyo hakucheka.

“Mama wee! Umefanya nini?”

Nyuma yake alisimama bibi yake, mkono kiunoni. Familia hiyo ilikuwa ya Wahindu, na siku hiyo ilikuwa Diwali, sikukuu yao ya taa. Bibi alikuwa ameamka alfajiri, akapiga magoti yake yanayouma, akachora ua kubwa la unga wa rangi mbele ya mlango. Ua hilo huitwa rangoli. Huchorwa ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa baraka, pamoja na wageni wa jioni. Sasa lilikuwa limebaki tope la waridi ndani ya ndoo.

Bibi alimgeukia mjukuu wake. “Jana nilikutuma uwaambie majirani wasioshe korido leo. Uliwaambia?”

“Nilimwambia huyu, Bibi. Alikuwa anaruka kamba.”

“Ni kweli, mwanangu?” Bibi alimuuliza Chapuchapu. “Alikuambia?”

Chapuchapu akaitazama ndoo. Alikumbuka vizuri. Jana jioni Miwani alisimama pale uani akasema jambo fulani kuhusu korido, naye akamjibu, “Sawa, nimesikia,” huku kamba ikiendelea kuzunguka.

“Hapana, Bibi,” alisema. “Hajaniambia kitu.”

“Basi,” Bibi akamwambia mjukuu wake kwa uchungu. “Mwongo hawashi taa mlangoni kwangu. Leo jioni utakaa chumbani wakati wenzako wanawasha fataki.”

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa na vumbi, akaingia ndani.

Mchana kutwa Chapuchapu alimsaidia mama yake kushona vifungo vya blauzi ambayo Bibi angeivaa jioni. Uzi ulijifunga mafundo. Nje, watu walikuwa wakitundika taa za rangi barazani, wakiitana na kucheka. Kila kicheko kilimchoma. Miwani alikuwa akiingojea siku hii tangu shule zifunguliwe.

“Una nini leo?” mama aliuliza. “Nyumba imetulia mpaka naogopa. Unaumwa?”

“Mama, nimemsingizia Miwani,” alisema, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote.

Mama alisimamisha cherehani. “Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mwanangu, imeishia mlango wa jirani! Haya, futa uso. Mpelekee Bibi blauzi yake, na maneno hayo uliyoniambia umwambie yeye.”

“Twende wote, Mama.”

“Kwani ulidanganya na mimi?”

“Hapana.”

“Basi nenda.”

Chapuchapu alitembea polepole kuliko siku zote za maisha yake. Alibisha hodi. Bibi alipofungua, alisema kabla ujasiri haujamtoroka, “Shikamoo Bibi. Miwani aliniambia. Mimi ndiye niliyesahau, halafu nikaogopa.”

Bibi aliipokea blauzi. Kisha akamwita Miwani. “Mjukuu wangu, nilikuita mwongo, nawe ulisema kweli. Nisamehe.”

Chapuchapu alikuwa hajawahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Aibu ikamzidi.

“Nimekusamehe, Bibi,” Miwani alijibu. “Huyu hapa bado namfikiria.”

Bibi alicheka, akaleta makopo ya unga. “Jua linakaribia kuzama, na magoti yangu yamegoma. Kaeni chini nyote wawili.”

Chapuchapu alichota konzi nzima, akamwaga. Jani la kwanza la ua likawa nene kama kitumbua.

“Taratibu! Unga haukimbizwi,” Bibi alisema. “Shika kwa vidole viwili, uachie kidogo kidogo, kama unatia chumvi kwenye mchuzi.”

Walichora wakiwa wamebana pumzi. Ua lilipokamilika, jani moja lilikuwa nene kuliko mengine.

“Ua letu limevimba shavu,” Miwani alisema, na miwani ikamteleza puani.

Giza lilipoingia, waliwasha vitaa vya udongo kulizunguka ua. Korido ile yenye taa mbovu ikajaa mwanga. Barazani, Miwani alimpa Chapuchapu fataki ya kushika mkononi, na mbele yao jiji zima lilimetameta.

Bibi, ndani ya blauzi yake mpya, akamshika bega. “Ua hata usingelifuta, kesho ningelifagia mwenyewe. Kila mwaka tunachora, kila mwaka tunafuta. Kilichoniuma ni kumwadhibu mtoto asiye na kosa siku ya taa. Ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa hurekebishika. Lililofichwa humwangukia mwingine. Umesikia?”

“Nimesikia, Bibi.”

“Umesikia, au unaruka kamba?”

Wote wakaangua kicheko. Chapuchapu akavuta pumzi, akayarudia maneno ya Bibi moja baada ya jingine, polepole, mpaka la mwisho.