Mnunuzi Asiyejali

Moza aliamshwa na sauti, macho akiwa bado ameyafumba. Huko nje muuza mitumba alishawasha kipaza sauti chake, "Chagua, chagua, buku tu!", na milango ya chuma ya maduka ya Mtaa wa Mchikichi ilikuwa ikipandishwa kwa kishindo. Hayo aliyazoea. Sauti iliyomwamsha ilitoka humohumo ndani, nyuma ya pazia: sentensi moja ya Kiingereza, ikirudiwa tena na tena kwa mdundo uleule, haipandi, haishuki.

"Kaka, hujalala wewe?"

"Alale nani? Keshokutwa nina sapu."

Neno hilo lilikuwa limehamia nyumbani kwao kama mgeni asiyetaka kuaga. Khalfani, kaka yake Moza, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uchumi. Kulikuwa na somo moja wanafunzi waliloliita Maikro, linaloeleza jinsi watu wanavyochagua cha kununua na jinsi bei zinavyopangwa. Hilo alikuwa amelifeli. Sapu ulikuwa mtihani wa kulirudia. Akifaulu, angeendelea na masomo. Akifeli, angedisko, yaani angeondolewa chuoni na kurudi nyumbani moja kwa moja. Katika ukoo wao wote, kuanzia Kariakoo hadi Masasi alikotoka baba yao, hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo kikuu. Mama hakulisema hilo. Alikaanga bagia zake tu, kimya kuliko kawaida.

Baada ya chai alifika Bryson, rafiki wa Khalfani ambaye naye alifeli Maikro. Mkononi alishika desa, karatasi za majibu yaliyonakiliwa kutoka kwa wanafunzi waliotangulia.

"Mambo, dogo!"

"Poa."

"Leo wewe ndiye profesa wetu. Shika desa hili. Mtu akiruka neno, mchape."

Moza alishika karatasi. Khalfani alifumba macho, akamwaga maneno yote bila kuruka hata moja.

"Mashine hiyo!" Bryson akapiga makofi.

"Maana yake nini?" Moza akauliza.

Vijana wakatazamana.

"Inaeleza mstari wa kutojali, ule wa kwenye mchoro," alisema Khalfani. "Mnunuzi ana vitu viwili mbele yake, na hajali."

"Hajali nini?"

"Hajali tu. Havitaki."

"Sasa kama havitaki, sokoni kafuata nini?"

Bryson aliangua kicheko. Khalfani hakucheka. "Wewe uko darasa la sita, utajulia wapi? Mtihani hauulizi maana, unauliza kilichoandikwa. Umeelewa?"

"Ndiyo," alisema Moza, na hakuwa ameelewa. Jibu hilo lilikaa mdomoni mwake siku zote. Shuleni, Mwalimu Klara akimaliza kufundisha aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likavuta kwa pamoja, "Ndiyoooo!" Siku hizo walikuwa wakijifunza asilimia. Moza aliivuta "ndiyo" yake kwa nguvu kuliko wengi, kisha wakati wa kurudi akapita chini ya bango la duka la viatu, "Punguzo la asilimia thelathini," bila kujua viatu vinauzwaje.

Mama alimwita jikoni, akampa sahani mbili: moja ya vitumbua, moja ya bagia. "Mpelekee Mwalimu Taraben. Mwambie achague anachopenda, au achanganye. Kwangu mimi yote sawa."

Mwalimu Taraben aliishi ghorofa ya chini yao. Alifundisha uchumi kidato cha tano na cha sita mpaka alipostaafu, na mtaani hata wauza vitambaa wenye mvi walimwita Mwalimu. Alifungua mlango, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama mzima?"

"Mzima. Amesema uchague, vitumbua au bagia." Hapo Moza akakumbuka neno la kisomi alilolipata asubuhi. Akajinyoosha. "Yeye hajali."

Mkono wa Taraben, uliokuwa umekaribia kitumbua, ulirudi nyuma.

"Hajali? Mama Khalfani amesema hivyo? Kwani nimemkosea nini?"

"Hapana, Mwalimu! Hilo neno ni la chuo. La Maikro. Kaka amesema mnunuzi ana vitu viwili na hajali, yaani havitaki."

"Kaka yako, yule anayerudia mtihani?"

"Huyohuyo."

Taraben alishusha miwani. "Pandisha sahani zako. Nakuja."

Khalfani alipomwona mlangoni alisimama, akaamkia kwa adabu. Lakini alikuwa ameukaza uso. "Mwalimu, usijisumbue. Haya ni mambo ya chuo, si ya kidato cha sita."

"Vizuri. Basi nifundishe mimi."

Khalfani akamwaga tena ile sentensi, kuanzia mwanzo hadi nukta ya mwisho. Taraben alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza kwa sauti yake ya zamani ya darasani:

"Tumeelewana?"

"Ndiyoooo!" wakaitikia watatu kwa pamoja, Khalfani, Bryson na Moza, bila kupanga. Huko jikoni, Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ndiyo hiyo nimeisikia maisha yangu yote," alisema Taraben. "Inafaa kwaya. Moza, njoo."

Kwenye sahani ya kwanza alipanga vitumbua vinne na bagia moja. Kwenye ya pili, vitumbua viwili na bagia mbili.

"Chagua."

Moza aligusa ya kwanza bila kufikiri. Taraben akaongeza bagia moja kwenye ya pili. "Na sasa?"

Moza alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaitazama hii, akaitazama ile. "Sasa... yoyote tu, Mwalimu. Zote sawa."

"Khalfani, dada yako hajali?"

"Huyo?" Bryson alidakia. "Mate yanamtoka!"

Khalfani aliziinamia sahani zote mbili. "Anajali," alisema mwishowe. "Anavitaka vyote, na amevipima. Ila sahani zimelingana kwake." Akavuta karatasi, akahesabu vitumbua kwa kwenda juu na bagia kwa kwenda kulia, akaweka nukta kwa kila sahani, akabuni nyingine zinazolingana nazo, akaziunganisha. Mstari ulishuka huku ukipinda. "Kumbe ndio huu. Mstari wa sahani zilizo sawa. Lakini kwa nini unapinda?"

"Usiniulize mimi. Muulize mlaji."

Khalfani alimgeukia Moza. "Ukiwa na vitumbua tele na bagia moja tu, utanipa vitumbua vingapi nikuongeze bagia?"

"Hata vitatu."

"Na ukiwa na vitumbua viwili?"

"Thubutu! Labda nusu. Tena kile kilichoungua."

Khalfani alitazama mstari, akamtazama Moza, akacheka. Kumbe kitu kikiwa tele mtu hukitoa kirahisi, kikipungua hukibana; ndiyo maana mstari ulipinda. Kisha kicheko kikaisha. Alikuwa kijana mwenye majivuno, na maneno yaliyofuata yalitoka kwa shida.

"Mwalimu, sikuwa nimeelewa. Tangu siku ya kwanza. Nilisoma kwenye kamusi kwamba lile neno la Kiingereza ni kutojali, nikaondoka na hilo. Mhadhiri alipouliza kama tuko pamoja, niliitikia."

Bryson alilikunja desa, akaliweka chini ya sahani ya bagia, likanywa mafuta. Walibaki na Taraben mpaka adhuhuri, na Bryson akamsimulia swali la Moza kuhusu mnunuzi na soko.

Siku ya mtihani, hakuna swali lililotaka sentensi ile. Swali la kwanza lilihusu mtu anywaye chai na kahawa, na hakuna mstari wa desa uliofanana nalo. Khalfani alilisoma mara mbili, kisha akaanza kuchora sahani za Moza.

Matokeo yalitoka kwenye simu Khalfani akiwa ngazini. Alama hazikuwa za kujitangazia, lakini zilitosha. Za Bryson pia. Mama aliposikia, aliketi kwenye kigoda na kuachia pumzi ndefu. Kisha akajaza sahani, akawatuma Khalfani na Moza chini kwa Mwalimu.

"Ahsante, Mwalimu," alisema Khalfani.

"Mshukuru aliyekuuliza mnunuzi kafuata nini sokoni," alijibu Taraben. "Nisikilizeni, wanangu. Kukariri hakuna ubaya, hata mimi nimekariri mengi. Lakini kusema umeelewa wakati hujaelewa ni uongo, na wa kwanza kudanganyika ni wewe mwenyewe. Mwalimu hawezi kukusaidia mahali usipomwonyesha. Sema sijaelewa. Utaona aibu kidogo, watu watacheka kidogo, halafu utafundishwa." Akamgeukia Moza. "Na wewe, ndiyo yako inaendeleaje?"

Moza alitazama ndala zake. "Asilimia, Mwalimu. Naitikia tu."

"Kwa hiyo?"

Moza aliinua uso. Alisema kwa sauti, ili kaka yake naye asikie:

"Kesho Mwalimu Klara akiuliza kama tumeelewana, sitaitikia. Nitanyoosha mkono nimwambie sijaelewa asilimia, hata darasa zima likinicheka. Nakuahidi, Mwalimu."