Video Niliyoituma Bila Kuitazama

"Rudia."

"Nimerudia mpaka midomo imekauka."

"Rudia, Fundi. Hii ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho ilikuwa ile ya kabla ya hii."

Nilikuwa nimesimama mbele ya shuka jeupe tulilolipigilia ukutani, poda imeshaanza kuyeyuka usoni. Mchumba wangu, Fundi, alikaa nyuma ya simu, juu ya ndoo aliyoigeuza, karatasi mkononi. Mchana kutwa alitengeneza friji za watu. Jioni alikuja chumbani kwangu kunisomea nafasi za wanaume wote niliotakiwa kuigiza nao. Siku hiyo alikuwa mume anayemwacha mkewe.

Mimi sina wakala. Asiye na wakala anajitafutia mwenyewe, na kutafuta kwenyewe ni kazi nyingine isiyo na mshahara. Kabla sijapiga mswaki nasoma matangazo ya usaili kwenye magrupu, halafu ndiyo naenda dukani kuuza viatu. Matangazo nusu ni ya uongo. Huyu anataka ada ya kujiandikisha, yule anataka picha zako za kuoga. Kuna studio moja mlinzi wa getini ameshanizoea mpaka ananiuliza habari za nyumbani, lakini ndani sijawahi kupita.

"Unasoma kama mtu anayesoma risiti," nikamwambia. "Unaniacha, Fundi! Mwanaume anayemwacha mkewe haongei hivyo."

"Anaongeaje?"

"Kwa uchungu! Tia chumvi kidogo, jamani."

Akaiweka karatasi sakafuni, taratibu.

"Unataka uchungu? Haya. Jumamosi ni siku gani?"

Nikajifanya nashughulika na nywele.

"Ni siku tuliyomwahidi baba yako mkubwa," akasema. "Ameshaalika watu. Leo umemtumia ujumbe kwamba ndoa iahirishwe tena. Kanipigia mimi, nimeinama nyuma ya friji ya mteja. 'Kijana, huyu binti anakukataa wewe au ananidharau mimi?'"

"Tangazo linasema Jumamosi ndiyo gari linaondoka kwenda kupiga picha."

"Hata hawajakuchagua!"

"Na wakinichagua?"

"Mara ya kwanza ulisema hivyo hivyo. Mara ya pili tukaenda tukakuta ofisi imefungwa, mwongozaji katoroka na hela za watu."

"Kwa hiyo niache kuigiza?"

"Nani amesema uache? Nani anakushikia simu kila siku? Kwenye hizi video nimeshakufa, nimefungwa jela, nimekuoa mpaka basi. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Lini nitakuwa mume wako?"

Ningeweza kusema chochote. Nikatazama saa.

"Mwisho wa kutuma ni jioni hii," nikasema.

Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka kabisa.

"Basi tuma."

Akatoka. Hakubamiza mlango, aliurudisha polepole. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa, yeye ndiye aliyekuwa akichagua video nzuri, akaikata, akaituma. Mimi siwezi kujitazama. Nikijiona kwenye simu naona pua tu. Siku hiyo nikaikamata simu huku nafuta machozi, nikabonyeza kitufe bila kuangalia, nikachukua video ya mwisho kwenye orodha, nikaituma bila kuifungua. Nikalala na poda yangu usoni.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Nikampigia dada yake, maana anaishi kwake.

"Wifi, Fundi hajambo?"

"Yupo. Anakula, hasemi. Mmefanyana nini?"

"Tumegombana kidogo."

"Kidogo? Mwanaume kafungua friji yangu nzima kaifunga tena, na wala haikuwa mbovu. Mrekebishe mambo, wifi. Mimi nataka barafu."

Sijakaa sawa, simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mama wa makamo.

"Wewe ndiye wa video ya shuka jeupe? Mimi ndiye mwongozaji."

"Ndiyo, mama! Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimetazama video mpaka macho yanawasha, yako nimeirudia. Lakini sisi tulitoa karatasi nyingine. Haya maneno nani kawaandikia?"

"Maneno gani, mama?"

"'Lini nitakuwa mume wako?' Halafu wewe unatazama saa! Loo, mwanangu, ule ukatili umeutoa wapi?"

Nikakaa kwenye maboksi ya viatu pale dukani. Simu haikuwa imezimwa. Ilikuwa inarekodi muda wote ule.

"Njoo kesho ofisini," akaendelea. "Na yule mwanaume aje, tunamtaka alivyo. Mwambie asijipambe."

Nikaifungua video. Kwa mara ya kwanza nikajitazama mwanzo hadi mwisho. Nikamwona mwanaume anamwomba mwanamke kitu kidogo tu, na mwanamke anatazama saa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mteja alikuwa ananiuliza kama viatu vipo vya namba ndogo, nikamwambia sijui, navyo vilikuwa mkononi mwangu.

Jioni nikapiga simu.

"Haloo," akasema Fundi.

"Ni mimi."

"Najua. Wamekujibu?"

Hapo nilitakiwa kusema nisamehe. Nilitakiwa kusema nimekukumbuka. Lakini mdomo wangu umezoea usaili.

"Wamejibu. Kesho. Fundi, wanataka twende wote wawili, yaani wamekupenda kuliko hata..."

"Kumbe hukunipigia mimi," akasema, akakata.

Nikaandika ujumbe: "Sivyo nilivyotaka kusema." Tiki mbili za bluu. Hakujibu.

Kesho yake nikaenda peke yangu. Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni inayopiga kelele. Yule mama mwongozaji alikuwa mnene, miwani kichwani, miguu ameivua viatu chini ya meza. Kijana mmoja mtanashati alikaa pembeni.

"Yule mwanaume yuko wapi?"

"Amekataa, mama. Hakuwa anaigiza. Ule ulikuwa ugomvi wetu wa kweli, nimeutuma kwa makosa."

Wakatazamana. Mama akashusha miwani.

"Pole. Lakini kuigiza unajua au hujui?"

"Najua."

"Basi huyu kijana atasoma maneno ya yule. Wewe fanya ulichofanya."

Kijana akasimama, akasafisha koo. Alikuwa mzuri kweli. Akaniambia, "Nimeshakufa, nimefungwa jela, nimekuoa mpaka basi." Sauti ilitetemeka palipotakiwa kutetemeka. Halafu akaniuliza:

"Lini nitakuwa mume wako?"

Nilitakiwa kutazama saa tu. Mkono nikauinua. Macho yakakataa kushuka.

"Jumamosi," nikasema. "Jumamosi hii hii. Nisamehe."

"Hapana!" mama akapiga meza. "Huyu mke anamwacha mumewe aende! Ukijibu hivyo, filamu yangu imeisha!"

"Samahani, mama."

"Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Unaweza?"

"Jumamosi naolewa. Naweza kuwafuata Jumapili."

"Unaolewa na yule aliyekataa kuja?"

"Ndiyo."

"Yeye anajua?"

"Bado."

Kijana mtanashati akacheka, mama akamkata jicho.

"Tutakupigia," akaniambia. Wote husema hivyo.

Nikaenda moja kwa moja kibandani kwa Fundi. Alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa kiko nyuma ya friji.

"Tumefunga," akasema bila kutazama.

"Mlango uko wazi."

Akatoka taratibu, vumbi limejaa kwenye nyusi.

"Umeenda?"

"Nimeenda. Nimeharibu. Fundi, nimempigia baba mkubwa. Nimemwambia Jumamosi iko palepale."

"Umemwambia kabla ya kuniuliza mimi?"

"Ee. Kakubali. Kasema safari hii nikibadili siku atamwoza kwako mtu mwingine yeyote atakayekuwa amekaa sebuleni kwake."

Hakucheka. Akajifuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nikuulize kitu, na usikasirike," akasema. "Nimekuona ukilia kwa ajili ya watoto usio nao. Nimekuona ukiomba msamaha kwa shuka. Nitajuaje kwamba hapa huigizi?"

Iliniuma, maana lilikuwa swali la haki.

"Ningekuwa naigiza ningelia vizuri," nikasema. "Niangalie. Kamasi zinatoka. Kuna kamera gani ingenichukua hivi?"

Akanipa kitambaa kile kile cha grisi. Nikajifuta, nikajipaka weusi shavu zima.

"Na wakikupigia Jumamosi?"

"Sitaenda."

"Maneno."

"Ni maneno. Njoo uone."

Jumamosi akaja. Kavaa suti ya shemeji yake, mabega yamemzidi. Sebule ya baba mkubwa ilijaa, viti vya kuazima mpaka barazani. Wifi alikaa mbele, anajipepea. Baba mkubwa amesimama, ameanza kuwakaribisha watu, simu yangu ikaita kwenye mkoba.

Namba ya mwongozaji.

Sebule yote ikanigeukia. Fundi hakunitazama. Alitazama viatu vyake, na nikaona anajiandaa kuumia.

Nikapokea pale pale.

"Mwanangu," mama akasema, mngurumo wa gari nyuma yake, "niliyemchagua kaumwa. Nafasi ni yako. Tuko barabara kuu, tunakusubiri. Toka sasa hivi."

Miaka yote ile, magrupu yote, mageti yote.

"Mama, nimekaa kwenye kiti cha bibi harusi. Jumapili nitakuja hata kwa miguu."

"Jumapili haiwezekani. Mke ndiye anaanza, kesho alfajiri."

"Basi mpe mwingine, mama."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Asante kwa kunikumbuka."

Nikazima simu. Iliuma, nisiseme uongo. Iliuma nikiwa na maua kichwani na watu wananipigia vigelegele. Baba mkubwa akauliza kama sasa anaweza kuendelea, watu wakacheka, akaendelea, na tukaoana.

Baadaye tukakaa barazani peke yetu, miguu imetuvimba.

"Ilikuwa nafasi ile?" akauliza.

"Ndiyo ile."

"Kubwa?"

"Kubwa, Fundi. Usinifanye niiseme."

Halafu akatoa simu yake, akapekua, akanisogezea.

"Kuna hii. Wanataka mama mkali wa watoto wawili. Nimempigia aliyetangaza, nimemhoji, si tapeli. Mwisho wa kutuma video ni Jumanne."

Nikaisoma. Ilitoka kwenye grupu la usaili, lile lenye watu wengi kuliko yote. Nikamtazama.

"Wewe umejiunga huku lini?"

"Nilipotoka kwako siku ile," akasema. "Nilikuwa nimekasirika, usingizi hauji. Nikaona angalau nikutafutie."