Kipimo Chenye Jina la Wening

Soko la Setono, Pekalongan, Jumamosi, ukisimama katikati ya njia unatafuta ugomvi. Wening alisimama hapo hapo, ushungi wa njano kichwani, mkono mmoja umeinua batiki ya mama yake, mwingine unaipiga picha kwa simu.

"Dada, unakionea hicho kitambaa," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Taa ya hapa ina ukijani. Nili yako itatoka kama maji ya mchicha."

"Na wewe nani, fundi wa taa?"

"Fundi wa rangi. Nasafisha picha. Naitwa Tegar."

Wening akamtazama: shati la kijivu, suruali ya kijivu. "Fundi wa rangi mwenyewe umevaa kama jivu la jikoni!"

"Rangi ya nguo huakisi kwenye kioo cha kompyuta, Mbak, dada yangu. Ukija studio kwangu na huo ushungi, utakaa mlangoni."

Alikwenda, na kweli akakaa mlangoni. Wiki ya tatu alikuwa ameketi ubavuni mwake, na ushungi wa kijivu aliojinunulia bila kuambiwa. Hapo hatuhitaji kuulizana kitu.

Tegar alimfundisha kazi. Kila Jumatatu aliangika mbele ya kioo kidude cheusi kinachosoma rangi moja baada ya nyingine, kisha kinaandika kipimo cha kukinyoosha kioo.

"Kila kioo kina uongo wake, Dik, mdogo wangu. Hiki ndicho kinachoukomesha. Halafu kuna masanduku ya rangi. Kila picha inakaa kwenye sanduku lake. La wachapishaji ni pana, la simu ni dogo. Ukiituma ya sanduku pana kwa simu isiyolijua, rangi zinafifia, utadhani zinaumwa."

"Kama wewe ukikosa wali wa megono na fenesi lake."

"Kama mimi usiponipigia simu."

Enhe, walikuwa wameshafika huko.

Ndipo duka moja la mtandaoni la Jakarta likataka picha za nili ya Bu Ratmi, mama yake Wening. Mama huyu ametumbukiza vitambaa kwenye pipa la nili miaka thelathini, hajarudishiwa hata kimoja, na fahari yake yote ndiyo hiyo. Tegar alipomaliza kuzisafisha, Wening alileta kitambaa, akakisogeza karibu na kioo. Kitambaa na picha vilikuwa pacha.

"Ndiyo yenyewe, Mas! Ndiyo nili ya mama!" Mas ni kaka, na ndivyo mpenzi anavyoitwa huko. Akalia kwa furaha. Tegar akamfuta machozi, picha zikatumwa.

Vitambaa arobaini viliisha kwa wiki moja. Ishirini na sita vikarudi, na maneno ya wateja juu yake. "Picha inawaka, kitambaa kimepauka. Matapeli nyie." Bu Ratmi alipolisoma neno hilo alifunika pipa lake, siku tatu hakuligusa.

"Ni huyo kijana wako," alisema.

"Si yeye, Bu! Labda sanduku la rangi limekosewa tu." Jamani, alimtetea mbele ya mama yake mzazi, tena kwa kiapo.

Akiwa njiani kwenda studio akili ikamjia. Sanduku likikosewa rangi hufifia. Hizi ziliwaka. Akampigia.

"Uko wapi, Mas?"

"Batang, napiga picha za harusi, kipenzi. Ufunguo unao, ingia. Ila usijichoshe, ni simu za wateja tu zinazoharibu rangi."

Alipofika studio aliifungua picha, akafungua orodha ya vipimo vya kioo. Vilikuwa viwili. Kimoja kina tarehe ya Jumatatu. Cha pili kimeandikwa "Wening". Akatabasamu, masikini, akadhani ni mahaba. Akakibonyeza. Nili ikazimika mbele ya macho yake, ikawa ile ya mama. Akarudi kwenye kile cha Jumatatu, ikawaka buluu ya ndoo ya plastiki.

Picha ilikuwa imekolezwa, na kioo kikafifishwa kwa ajili yake peke yake, siku ile moja aliyoleta kitambaa. Wening alikaa chini sakafuni.

Tegar alimkuta hapo saa kumi alasiri.

"Nisikilize, Dik. Jakarta walisema nili halisi inaonekana chafu. Wewe usingekubali kuikoleza. Nilitaka upate wateja, mama yako anione mtu, nije kuposa!"

"Ukakaa chini, ukapima, ukaunda uongo wa macho yangu mimi. Ukaupa na jina langu."

"Nimekosa. Nitawaandikia wote sasa hivi, niseme ni mimi."

Akaandika kweli, barua ishirini na sita, jina lake chini ya kila moja. Tumpe haki yake.

"Ahsante," Wening akasema alipomaliza. "Mama atafunua pipa lake."

"Na wewe?"

"Nilipolia, ulinifuta machozi. Ulijua ninacholilia hakipo."

Tegar akainama.

"Ungenidanganya kwa mdomo ningekusamehe, Mas. Midomo yetu sote inateleza. Wewe umeyadanganya macho yangu, na ndiyo haya haya yaliyokupenda."

Akaweka ufunguo mezani, akatoka. Simu yake ilianza kuita kabla hajafika barabarani, Tegar akimpigia, ikaita njia nzima mpaka kwa mama yake. Hakuizima, wala hakuipokea.